Firenze au Paris: mji upi uwafae wanafunzi wa sanaa?

Mwalimu anayepanga kuwapeleka wanafunzi wa sanaa Ulaya kwa juma moja huanza na orodha ndefu ya miji, kisha, baada ya kuhesabu siku na fedha, aghalabu hubakiwa na majina mawili: Firenze nchini Italia, na Paris nchini Ufaransa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wahadhiri na viongozi wa vikundi vya wanafunzi kutoka Afrika Mashariki na Kongo waliofikia hatua hiyo na wanaotakiwa kuchagua mji mmoja. Nasema mmoja kwa makusudi. Kikundi kinachotaka kuiona miji yote miwili ndani ya siku saba hutumia sehemu kubwa ya muda huo katika vituo vya treni, viwanja vya ndege na kufunga mizigo, na wanafunzi hurudi wakiwa wamepita mbele ya kazi nyingi mashuhuri bila kukaa mbele ya hata moja kwa muda unaotosha kuichora.

Mji usichaguliwe kwa umaarufu wake, kwa sababu yote miwili ni maarufu kupita kiasi, bali kwa kazi ambayo wanafunzi watakwenda kuifanya huko kwa macho na mikono yao. Firenze inafaa zaidi kumfundisha mwanafunzi namna kazi ya sanaa inavyotengenezwa, tangu jiwe ghafi, lipu mbichi na nta hadi mwisho wake. Paris inafaa zaidi kumfundisha kulinganisha kazi za nyakati na mataifa mbalimbali, na kuuliza zilifikaje mahali zilipo. Mengine yote, yaani bei, chakula, hali ya hewa na usafiri, yana uzito wake, lakini yapimwe baada ya hilo.

Firenze: mafunzo ya mkono

Sifa ya kwanza ya Firenze kwa kikundi cha wanafunzi ni udogo wake. Kitovu cha kale cha mji, kilichoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1982, kina eneo la hekta 505 tu, na mtu hutembea kutoka kanisa kuu hadi jumba la makumbusho la Uffizi kwa muda wa dakika kumi hivi. Kikundi hakihitaji basi wala treni ya chini ya ardhi. Asubuhi kinaweza kuchora ndani ya jumba la makumbusho, mchana kikala katika soko la San Lorenzo, na jioni kikarudi kwenye sanamu ileile kuitazama tena katika mwanga tofauti. Kwa mwalimu anayehesabu vichwa kila baada ya kona, hilo ni jambo kubwa.

Ningeanzia jumba la makumbusho la Bargello, si Uffizi. Katika jumba hilo, ambalo wageni wengi hulipita bila kuingia, yamewekwa pamoja mabamba mawili ya bronzi yaliyotengenezwa na Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi kwa ajili ya shindano la mwaka 1401 la kupata msanii wa milango ya nyumba ya ubatizo ya mji. Wote wawili walipewa habari moja, ya Ibrahimu akiwa tayari kumtoa mwanawe sadaka, habari ambayo mwanafunzi Mkristo na mwanafunzi Mwislamu wote wanaijua tangu utotoni, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa kwanza nani ni nani. Brunelleschi aliunda sanamu zake vipande vipande na kuzifunga juu ya bamba. Ghiberti alimimina sehemu kubwa ya kazi yake kwa mkupuo mmoja, ikawa nyepesi zaidi na ikatumia bronzi kidogo. Ghiberti ndiye aliyepewa kazi. Sijui somo bora kuliko hili kwa mwanafunzi anayedhani kwamba ufundi ni jambo moja na ubunifu ni jambo jingine, kwa kuwa hapa anaona wazi kwamba namna ya kumimina bronzi ilikuwa sehemu ya uzuri na sehemu ya gharama.

Kutoka hapo kikundi kiende Galleria dell'Accademia, ambako watu hupanga foleni kumwona Daudi wa Michelangelo, sanamu ya marumaru yenye urefu wa mita 5.17 iliyochongwa kati ya mwaka 1501 na 1504 kutoka jiwe ambalo mchongaji mwingine aliwahi kulianza na kuliacha. Sanamu hiyo ilihamishiwa ndani ya jumba mwaka 1873, na inayosimama leo katika uwanja wa Piazza della Signoria ni nakala. Wanafunzi wataitazama, na wanastahili kuitazama. Hata hivyo mwalimu awazuie kwa muda mrefu zaidi kabla ya kumfikia Daudi, kwenye ukumbi wenye sanamu nne ambazo Michelangelo hakuzimaliza, zilizokusudiwa kwa kaburi la Papa Julius wa Pili. Miili imetoka nusu katika jiwe, na alama za tindo zinaonekana zote: mahali alipokata kwa nguvu, mahali alipobadilisha tindo na kutumia yenye meno, mahali alipoanza kulainisha. Kijana aliyekaa na wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, akaona gogo la mpingo likifunguliwa pole pole, atazisoma alama hizo bila mwongozaji.

Usanifu nao umo katika somo hilohilo. Kuba la kanisa kuu, ambalo Brunelleschi alilijenga kati ya mwaka 1420 na 1436 bila kiunzi kamili cha mbao cha kulishikilia kutoka chini, hupandwa kwa ngazi 463 zisizo na lifti, na njia yenyewe hupita kati ya magamba mawili ya kuba, hivi kwamba mpandaji huona namna matofali yalivyopangwa. Mwenye tatizo la moyo, pumu au hofu ya mahali pembamba abaki chini, na mwalimu aliulize hilo kabla ya kununua tiketi. Katika kanisa la Santa Maria Novella, mchoro wa Utatu wa Masaccio wa mwaka 1427 hivi humwonyesha mwanafunzi kanuni ya kuchora umbali kwa mistari inayokutana, ukutani, kwa ukubwa wake halisi. Dakika ishirini mbele yake, na rula na penseli mkononi, zinazidi muhula mzima wa kuisoma kanuni hiyo katika kitabu.

Uffizi nayo haikosi kuonwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1560 kwa ramani ya Giorgio Vasari, na ndani yake mna Botticelli, Leonardo, Caravaggio na Judith wa Artemisia Gentileschi, mwanamke ambaye mwaka 1616 alikuwa wa kwanza wa jinsia yake kupokelewa katika chuo cha wasanii cha mji huo. Kwa wanafunzi wetu wa pwani naongeza jambo moja. Katika picha ya Mamajusi iliyochorwa na Gentile da Fabriano mwaka 1423, nuru ya dhahabu iliyozunguka kichwa cha Bikira Maria imepambwa kwa herufi zinazoiga mwandiko wa Kiarabu, kwa kuwa vyombo vya shaba na vitambaa kutoka Misri na Shamu vilikuwa vitu vya thamani katika nyumba za matajiri wa Italia. Mwanafunzi anayesoma Kiarabu atajaribu kuzisoma, atashindwa kwa kuwa si maneno, na papo hapo ataanza kuuliza maswali ambayo mwalimu asingeweza kumlazimisha kuyauliza.

Hazina hii iko Firenze hadi leo kwa sababu ya mkataba wa mwaka 1737, ambapo Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliokuwa ukiutawala mji huo, aliiachia dola mali yote ya sanaa ya ukoo wake kwa sharti kwamba isiondolewe mjini. Mafuriko ya mto Arno ya tarehe 4 Novemba 1966 nusura yavunje sharti hilo kwa njia nyingine: msalaba mkubwa wa Cimabue katika kanisa la Santa Croce ulipoteza zaidi ya nusu ya rangi yake, na vijana kutoka nchi nyingi, wengi wao wanafunzi, walikwenda kutoa vitabu na picha katika matope kwa mikono yao. Msalaba huo unaonekana pale pale ukiwa na sehemu zilizopotea. Kikundi chenye wanafunzi wanaofikiria kazi ya uhifadhi kingefanya vyema kutenga asubuhi nzima kwa ajili ya Santa Croce.

Upungufu wa Firenze ni kwamba ni mji wa enzi moja. Zipo kazi za baadaye, lakini nguvu yake yote iko katika karne ya 14 hadi ya 16, na idadi kubwa ya picha ni za dini ya Kikristo. Baada ya siku ya nne mwanafunzi asiyeandaliwa huanza kuona Bikira Maria yuleyule kila ukuta. Huo ni uchovu halisi na usichukuliwe kuwa uvivu; tiba yake ni kuchora badala ya kutazama tu, au kupanda treni na kwenda Siena, Pisa au Arezzo kwa siku moja.

Paris: mafunzo ya kulinganisha

Paris haina umoja huo, na ndiyo faida yake. Louvre peke yake, iliyofunguliwa kuwa makumbusho ya umma mwaka 1793, huonyesha takriban kazi 35,000, na kikundi kinachoingia bila mpango hutoka kimeshindwa. Ushauri wangu ni kuchagua kazi sita au saba zinazojibizana, na kuacha zingine zote bila majuto. Mwandishi aliyeketi wa Misri, sanamu yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, ikitazamwa asubuhi moja na sanamu ya Ushindi wa Samothrace ya Ugiriki, itazua mjadala juu ya utulivu na mwendo katika jiwe. Chelezo cha Medusa cha Géricault, picha ya mwaka 1819 ya manusura wa ajali ya meli, yenye upana wa zaidi ya mita saba, imemweka mtu mweusi kileleni kabisa mwa kundi la wanaotaka kuokolewa; na ile ya Marie-Guillemine Benoist ya mwaka 1800, inayomwonyesha mwanamke mweusi ameketi akimtazama mtazamaji moja kwa moja, ilichorwa katika miaka michache ambayo Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa, kabla ya Napoleon kuurudisha mwaka 1802. Picha hizo mbili zikitazamwa pamoja na wanafunzi wa Kiafrika, mazungumzo hayatakwisha siku hiyo.

Mona Lisa ni mdogo, sentimita 77 kwa 53, na huonwa juu ya vichwa vya umati. Kikundi kikishamtazama kigeuke nyuma, kwani ukuta unaomkabili una Arusi ya Kana ya Veronese, yenye upana wa karibu mita kumi, ambayo askari wa Napoleon waliichukua kutoka nyumba ya watawa ya Venezia mwaka 1797 na ambayo haikurudishwa. Firenze ilijifunga kwa mkataba ili vitu visiondoke; hapa mwanafunzi anasimama mbele ya kitu kilichoondolewa.

Swali hilo linafika kilele chake katika jumba la Quai Branly, lililofunguliwa mwaka 2006 kando ya mto Seine. Kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kikundi cha Kiafrika kuichagua Paris. Ripoti iliyoandikwa na Felwine Sarr na Bénédicte Savoy mwaka 2018 kwa ombi la rais wa Ufaransa ilikadiria kwamba vitu 90,000 hivi kutoka Afrika kusini mwa Sahara vimo katika makumbusho ya umma ya nchi hiyo, na kwamba takriban 70,000 kati yake vimo katika jumba hili. Mwezi Novemba 2021 vitu 26 vya kifalme vya Abomey, vilivyotekwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1892, vilirudishwa Benin. Wanafunzi wafike pale wakiwa wameyajua hayo, kisha wachore. Wachore barakoa na sanamu kwa uangalifu uleule ambao wangempa Michelangelo, wakitazama jinsi uso unavyogawanywa katika maumbo machache yenye nguvu, halafu kesho yake waende katika jumba la makumbusho la Picasso, wakijua kwamba mwaka 1907 mchoraji huyo alizikuta kazi za aina hiyo katika makumbusho ya Trocadéro, ambayo mkusanyo wake baadaye uliingia katika ule wa Quai Branly. Hakuna mji mwingine unaoweza kuuonyesha uhusiano huo kwa ukaribu namna hii, na hakuna mwanafunzi wetu anayestahili kuusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.

Orsay, kituo cha zamani cha treni kilichogeuzwa makumbusho mwaka 1986, kina Manet, Degas, Monet na Van Gogh, na humfaa hasa mwanafunzi wa rangi. Mimi ningeongeza bustani ya jumba la Rodin, ambapo sanamu za bronzi zimesimama kati ya miti na mtu anaweza kukaa na daftari lake kwa saa mbili bila kusukumwa. Tahadhari moja ya lazima: Centre Pompidou, ambalo vitabu vingi vya safari bado vinalitaja kwa ajili ya sanaa ya karne ya 20, lilifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Notre-Dame, kwa upande wake, ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019, na kuingia hakulipiwi.

Upungufu wa Paris ni ukubwa. Makumbusho yako mbalimbali, kila safari huhitaji tiketi ya treni ya chini ya ardhi na mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, na wezi wa mifukoni hupenda hasa vikundi vya wanafunzi walioinua simu. Siku ambayo Firenze ingekupa maeneo matatu, Paris itakupa mawili.

Fedha, tumbo na jua

Umri wa wanafunzi hubadilisha hesabu yote. Walio chini ya miaka 18, wa taifa lolote, huingia bure katika makumbusho ya serikali ya Italia, na vivyo hivyo Louvre na Orsay. Kwa hiyo shule ya sekondari haina haja ya kuogopa tiketi katika mji wowote kati ya hii miwili, ingawa hulazimika kuweka nafasi mapema. Wanafunzi wa chuo wako katika hali nyingine, kwa sababu punguzo la vijana hadi miaka 25 limewekwa kwa wakazi au raia wa Ulaya. Tena, tangu Januari 2026 Louvre inawatoza euro 32 wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya na nchi chache zinazoshirikiana nao kiuchumi. Paris hufidia kwa njia moja ambayo Firenze haina kwa kiwango hicho: makumbusho ya manispaa, kama Petit Palais, Carnavalet na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya jiji, hayatozi chochote kwa mikusanyo yao ya kudumu. Firenze nayo ina Loggia dei Lanzi, baraza lililo wazi uwanjani, ambapo Perseus wa Cellini na kundi la sanamu za Giambologna huchorwa bila tiketi wala foleni.

Jumatatu Uffizi na Accademia hufungwa, na Paris hufungwa Orsay, Rodin na Quai Branly. Jumanne ni zamu ya Louvre. Ratiba isiyozingatia hilo huharibu siku nzima. Louvre huchelewa kufungwa Jumatano na Ijumaa, na saa za jioni ndizo tulivu zaidi.

Chakula cha halali hupatikana kwa urahisi zaidi Paris, ambako pia upo Msikiti Mkuu uliofunguliwa mwaka 1926, wenye ua na vigae vya kutazamwa kwa ajili ya sanaa yenyewe. Firenze mwalimu aulize kuhusu nyama ya nguruwe na mvinyo katika mchuzi. Joto la Julai na Agosti ni kali zaidi Firenze, mji ulio katika bonde, na katikati ya Agosti maduka mengi ya familia hufungwa. Kwa vyuo ambavyo likizo yake hufika hadi Septemba au Oktoba, miezi hiyo miwili ndiyo ya kuchagua.

Kikundi chenu ni kipi?

Kama wanafunzi ni wa uchongaji, uchoraji wa msingi au usanifu wa majengo, na wengi wao wanatoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza, nendeni Firenze. Udogo wake utawalinda, na kila mtu atarudi na daftari lililojaa. Kama ni wa historia ya sanaa, makumbusho au sanaa ya kisasa, au kama mwalimu amejiandaa kuongoza mjadala mgumu juu ya mali ya Afrika iliyoko ugenini, Paris ndiyo mahali pake, wala gharama ya ziada isiwarudishe nyuma. Vikundi vya Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura vina nyongeza ya lugha: mwanafunzi anayesoma Kifaransa atasoma kila kibao ukutani na kuzungumza na wahifadhi bila mkalimani. Kwa kikundi mchanganyiko, ambamo mmoja anachonga, mwingine anapiga picha na wa tatu anasomea ualimu, mimi binafsi naegemea Firenze, kwa sababu mahali ambapo kazi zinakaribiana watu wenye hamu tofauti wanaweza kuachana asubuhi na kukutana mchana.

Uamuzi ukishafanyika, viza iombwe kwa nchi hiyo hiyo mtakakokaa muda mrefu zaidi, hata kama ndege itatua kwanza kwingine. Kutoka Nairobi zipo ndege za moja kwa moja hadi Paris. Kwa Firenze njia ya kawaida ni kupitia Addis Ababa hadi Roma, kisha treni ya kasi ya saa moja na nusu hivi. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na kikundi kisingoje, kwa sababu nafasi za kuwasilisha maombi ya watu wengi pamoja hujaa upesi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, lakini kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi na walimu wanaofuatana nao katika safari ya masomo au mafunzo. Msamaha huo huhitaji barua ya shule au chuo inayoeleza somo, ratiba ya kila siku na majina ya wote, na haufuti malipo ya wakala anayepokea maombi. Kila msafiri awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000, na kwa walio chini ya miaka 18 iambatishwe idhini ya wazazi wote wawili. Barua hiyo ya shule iandikwe kabla ya kununua tiketi yoyote ya ndege, na nakala yake itumwe pia kwa makumbusho wakati wa kuomba nafasi ya kikundi, pamoja na swali la wazi kama wanafunzi wanaruhusiwa kuchora kwa penseli katika kumbi watakazozuru.